Joto la 2023: El Niño ilibebeshwa mzigo wa nani?

Juni na Julai 2023 rekodi za joto zilivunjwa, vyombo vya habari vikapiga kelele, watu wakazoea. Septemba haikuzoeleka. Kwa hesabu za Copernicus, idara ya Ulaya inayofuatilia hali ya tabianchi, wastani wa joto la hewa duniani mwezi huo ulifika nyuzi 16.38 za Selsiasi, nusu nyuzi nzima juu ya Septemba ya 2020 ambayo ndiyo iliyokuwa inaongoza. Kwa kawaida rekodi ya mwezi hupitwa kwa sehemu ya kumi ya nyuzi, au mbili ikizidi sana. Takwimu za Copernicus zinarudi nyuma hadi 1940, na hakuna mwezi wowote ndani yake uliokuwa umeiacha kawaida yake kwa umbali ule.

Mwaka ulipofungwa, wastani wake ulikuwa nyuzi 14.98, yaani 1.48 juu ya hali ya kati ya 1850 na 1900, kipindi ambacho wataalamu hukitumia kama mfano wa dunia kabla viwanda havijashika kasi. Rekodi ya zamani, ya 2016, ilipitwa kwa nyuzi 0.17. Kisha 2024 ikaja na kuipita 2023 yenyewe: nyuzi 15.10, yaani 1.60 juu.

Huku Afrika Mashariki jibu lilikuwa tayari mdomoni. Tangu mvua za 1997 na 1998 zilipobomoa barabara na madaraja, jina El Niño limekuwa letu kama masika na vuli. Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa utabiri wa vuli ya juu ya wastani, na mvua zikaja kweli. Tarehe 3 Desemba tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Baada ya hapo kila kilichotokea angani kilitwikwa El Niño, hata lile joto la dunia nzima. Na wale wasioridhika na El Niño walikuwa na majibu mengine mawili ambayo karibu kila aliyepita shule zetu anayajua: tumekata miti, na tabaka la ozoni limetoboka.

Katika mjadala ule wote yalichanganywa maswali mawili. Kwa nini 2023 iliruka ghafla kiasi kile ni swali moja. Kwa nini joto la dunia linapanda mwongo baada ya mwongo ni swali jingine, na ushahidi wake ni mwingine. Aliyesimama ufukweni maji yakiwa yanajaa anaweza kuroweshwa na wimbi moja kubwa mpaka kiunoni. Akilaumu wimbi hajakosea, ila wimbi lilelile saa mbili nyuma lingemfika kwenye vifundo vya miguu.

Wimbi lenyewe

El Niño haitengenezi joto. Katika miaka ya kawaida, pepo za Bahari ya Pasifiki huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi na kuyasukuma maji ya uvuguvugu upande wa Indonesia, huku maji baridi yakipanda kutoka chini karibu na pwani ya Peru. Pepo hizo zikilegea, maji ya uvuguvugu hurudi mashariki na kutandaa juu ya eneo kubwa mno, na bahari ikaiachia hewa joto ililokuwa imelificha. Kinyume chake ni La Niña: pepo zikikazana, joto huzikwa chini ya bahari na hewa ya dunia hupoa kidogo.

Kuanzia 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 Pasifiki ilikuwa kwenye La Niña karibu mfululizo. Kwa miaka mitatu hiyo joto lilikuwa likiingia baharini bila kelele. Tarehe 8 Juni 2023 NOAA, mamlaka ya Marekani ya bahari na angahewa, ilitangaza kwamba El Niño imeanza. Ukiitazama hivyo, kuruka kwa 2023 kunaeleweka nusu: mwaka 2022 ulikuwa umeshushwa, 2023 ukapandishwa, na tofauti kati yao ikaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Nusu ya pili ndiyo iliyowakosesha watu usingizi. Kwa mazoea, El Niño hufika kileleni mwishoni mwa mwaka na dunia huhisi joto lake mwaka unaofuata. Ndivyo ilivyokuwa 1998, ndivyo ilivyokuwa 2016. Safari hii joto lilitangulia. Atlantiki ya Kaskazini ilikuwa imeshaanza kuvunja rekodi Machi, miezi mitatu kabla ya tangazo la NOAA, na Pasifiki haina uwezo wa kuipasha Atlantiki moto kwa El Niño ambayo haijazaliwa. Tena El Niño yenyewe, ingawa ilikuwa na nguvu, haikuifikia ile ya 1997 wala ile ya 2015. Machi 2024 Gavin Schmidt, mkuu wa taasisi ya NASA ya utafiti wa tabianchi jijini New York, aliandika katika jarida la Nature kwamba visababishi vinavyojulikana, hata vikijumlishwa vyote, havitoshi kueleza kilichotokea. Mtu wa cheo chake kukiri hivyo hadharani si jambo dogo, na wapinzani wa sayansi ya tabianchi walilidaka siku ileile na kulisoma watakavyo.

Baadaye utafiti mwingine ulipunguza mshangao. Watafiti walipitia maelfu ya miaka ya kuigiza kwenye kompyuta, wakaona kwamba mruko wa ukubwa ule ni nadra sana kwa El Niño ya kawaida, lakini ikitanguliwa na La Niña ndefu hutokea karibu mara moja katika kumi. Nadra, ila si muujiza.

Niongeze jambo kwa wasomaji wa nyumbani. Vuli yetu inaisikiliza zaidi Bahari ya Hindi kuliko Pasifiki. Upande wa magharibi wa bahari hiyo, huku kwetu, ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, mvua za Oktoba hadi Desemba hufurika, na mwaka 2023 hali hiyo ilikuwapo kwa nguvu. Kwa hiyo hata mafuriko tuliyomwandikia El Niño peke yake yalikuwa na mshirika.

Volkano na jua

Washukiwa hawa wawili hawachukui muda. Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya chini ya bahari ya Hunga Tonga, katika Pasifiki ya Kusini, ililipuka kwa kishindo kilichosikika hadi Alaska. Kwa kuwa ililipukia majini, ilirusha mvuke wa takriban tani milioni 150 hadi tabaka la juu la angahewa, ongezeko la karibu asilimia 10 ya mvuke wote ulioko huko. Mvuke hunasa joto, hivyo shaka ilikuwa halali. Lakini mlipuko huohuo ulirusha pia chembe za salfa zinazozuia mwanga wa jua, na uchunguzi mwingi uliofuata ulikuta kwamba mizania ilielemea kwenye kupoza kidogo, au haikuelemea popote.

Jua nalo lilikuwa linapanda kuelekea kilele cha mzunguko wake wa miaka 11. Tofauti ya nguvu zake kati ya kilele na bonde la mzunguko ni kama sehemu moja katika elfu. Hiyo huongeza joto la dunia kwa sehemu chache za mia za nyuzi moja tu, nayo huondoka mzunguko unaposhuka.

Maji yanayojaa

Sasa tuwarudie wa miti na wa ozoni, kwa sababu wao, tofauti na wa El Niño, walau wanajaribu kulijibu swali la pili.

Ozoni kwanza. Shimo la ozoni ni la kweli. Wanasayansi wa Uingereza walilitangaza mwaka 1985 juu ya Antaktika, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuzipiga marufuku gesi za majokofu na makopo ya kupulizia zilizokuwa zikilila tabaka hilo. Ila shimo lile hupitisha mionzi ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi na kuharibu macho. Haliingizi joto. Hizo gesi za majokofu zenyewe ndizo zinazonasa joto, na kwa ukali, kwa hiyo anayesema ozoni ana kipande cha ukweli mkononi ila amekishika upande usio wake. Kama shimo ndilo lingekuwa chanzo, dunia ingepoa kadiri ozoni inavyopona. Ozoni inapona polepole, na dunia inazidi kupata joto.

Miti ina hoja nzito zaidi. Msitu ukiondoka, kivuli na unyevu vinaondoka nao, na wakazi hulisikia joto msimu huohuo. Hilo la mahali pao wanalijua kwa ngozi zao, na hawadanganyiki. Kwa dunia nzima hesabu inabadilika. Mwaka 2023 kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na kutengeneza saruji, kulitoa takriban tani bilioni 37 za hewa ukaa. Ukataji wa misitu na mabadiliko mengine ya matumizi ya ardhi yaliongeza kama tani bilioni 4 baada ya kutoa zile zinazorudishwa na misitu inayoota upya. Ni kama sehemu moja ya kumi ya jumla. Sielewi kwa nini vitabu na mabango yetu yanampa mchoma mkaa wa Kisarawe au Kitui nafasi ya kwanza, wakati mitambo ya makaa ya mawe ya nchi tajiri, na siku hizi ya China na India, haitajwi mpaka ukurasa wa pili, kama inatajwa.

Tunajuaje kwamba hewa ukaa iliyoongezeka ni ya moshi wa makaa na mafuta, na haikutoka baharini au kwenye volkano? Hapa ushahidi ni wa karibu mno, hadi ndani ya chembe yenyewe. Kaboni ina aina tatu. Ya kaboni-14 hutengenezwa angani na miale kutoka anga za mbali, kisha hufifia: kila baada ya miaka 5,730 hivi hubaki nusu yake. Mti uliokatwa jana una kaboni-14. Makaa ya mawe, ambayo ni misitu iliyozikwa mamilioni ya miaka iliyopita, hayana hata chembe, imekwisha zamani. Hewa inayotoka kwenye dohani la mtambo wa makaa kwa hiyo haina kaboni-14, na kila inapochanganyika na hewa ya dunia inashusha kiwango cha kaboni-14 kilichomo. Katika miaka ya 1950 mwanasayansi Hans Suess alilikuta punguzo hilo kwenye pete za miti, kabla majaribio ya mabomu ya nyuklia hayajaivuruga hesabu kwa kuongeza kaboni-14 kwa muda.

Volkano inakwama kwenye kaboni-13. Mimea hupendelea kaboni nyepesi, ya 12, kwa hiyo chochote kilichotokana na mimea, hata kikiwa kimegeuka makaa au mafuta, huwa na kaboni-13 pungufu. Hewa ukaa ya volkano haina upungufu huo. Angani kaboni-13 inapungua. Oksijeni nayo inapungua, kidogo sana, kwa kiasi kinacholingana na kuchoma. Bahari ingekuwa ndiyo inayotoa hewa ukaa, oksijeni isingepungua kwa namna hiyo, wala maji ya bahari yasingekuwa yanazidi kuwa na tindikali kama yanavyozidi sasa.

Kipimo cha kiasi chenyewe kinatoka mahali pa ajabu kidogo: mteremko wa volkano ya Mauna Loa, Hawaii. Mwanasayansi wa Marekani Charles David Keeling alianza kupima huko Machi 1958, akapata takriban chembe 315 za hewa ukaa katika kila milioni za hewa. Viputo vya hewa vilivyonaswa kwenye barafu ya kale vinaonyesha kwamba kabla ya viwanda zilikuwa karibu 280. Mwaka 2023 wastani ulikuwa 421. Novemba 2022 Mauna Loa ililipuka na lava ikakata umeme wa kituo, watafiti wakahamishia vipimo mlima wa jirani, Mauna Kea. Mstari uliendelea kupanda kama vile hakuna kilichotokea. Volkano zote za dunia kwa mwaka hutoa chini ya asilimia moja ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho kwangu ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Joto likitoka kwa jua, angahewa yote ingepaswa kupashwa, chini na juu. Likitokana na gesi zinazonasa joto karibu na ardhi, tabaka la chini lingepata joto na tabaka la juu lingepoa. Wanasayansi Syukuro Manabe na Richard Wetherald waliliandika hilo mwaka 1967, wakati hapakuwa na setilaiti yoyote ya kulipima. Setilaiti zilianza kupima mwishoni mwa miaka ya 1970. Chini kunapata joto, juu kunapoa. Manabe alikuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Meli na mawingu

Mpaka hapa maswali mawili yametengana vizuri. Lakini kuna mahali yanapokutana, na hapo ndipo kisa cha 2023 kinapokuwa kigumu.

Meli kubwa za mizigo kwa miongo mingi zilichoma mafuta mazito, meusi, mabaki ya mwisho ya kiwanda cha kusafishia, ambayo ni lazima yapashwe moto kwanza ndipo yapite kwenye mabomba. Yaliruhusiwa kuwa na salfa hadi asilimia 3.5. Tarehe 1 Januari 2020 shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini lilikishusha kiwango hicho hadi asilimia 0.5. Sababu ilikuwa mapafu ya watu wa mijini na bandarini, sababu njema kabisa.

Salfa ikitoka kwenye dohani la meli hugeuka chembe ndogo mno zinazoelea. Mvuke wa bahari hushikamana nazo na kuwa matone. Chembe zikiwa nyingi, maji yaleyale hugawanyika katika matone mengi madogo badala ya machache makubwa, na wingu la namna hiyo huwa jeupe zaidi na hurudisha mwanga mwingi wa jua kabla haujafika baharini. Kwenye picha za setilaiti ilikuwa dhahiri: mistari myeupe mirefu iliyopindapinda juu ya Atlantiki na Pasifiki, kila mstari ukiifuata meli yake. Baada ya 2020 mistari ikapungua sana. China nayo, tangu 2013 hivi, imepunguza salfa ya viwanda na mitambo yake kwa zaidi ya nusu.

Maana yake ni kwamba uchafu mmoja ulikuwa umeuficha mwingine. IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, katika ripoti yake ya 2021 lilikadiria kwamba gesi zinazonasa joto peke yake zingeipandisha dunia kwa takriban nyuzi 1.5, ila chembe za moshi zilikuwa zimefuta karibu 0.4, ikabaki 1.07 ya binadamu kwa mwongo wa 2010 hadi 2019. Makadirio ya chembe hizo yana utata kuliko yote: yanaweza kuwa karibu sifuri, yanaweza kufika 0.8. Ndiyo maana wataalamu wanagombana. Wengi wanasema kanuni ya meli imeongeza sehemu chache tu za mia za nyuzi moja. James Hansen, mwanasayansi wa tabianchi aliyeliambia Baraza la Seneti la Marekani mwaka 1988 kwamba ongezeko la joto limeshaanza, anashikilia kwamba athari ni kubwa kuliko hapo na kwamba tumekuwa tukiidharau.

Desemba 2024 watafiti wa Taasisi ya Alfred Wegener ya Ujerumani walichapisha katika jarida la Science kile ambacho mimi naona ndicho kipande kilichokuwa kinakosekana. Walipitia vipimo vya setilaiti vya mwanga unaorudishwa angani, wakakuta kwamba 2023 dunia ilirudisha mwanga mdogo kuliko ilivyowahi kurudisha katika miongo kadhaa. Barafu ya Antaktika ilichangia, maana mwaka ule ilipungua kupita kiasi. Lakini sehemu kubwa ilikuwa mawingu ya chini, yale yanayotandaa juu ya bahari, hasa Atlantiki. Walikokotoa kwamba bila upungufu huo joto la 2023 lingekuwa chini kwa takriban nyuzi 0.2, kiasi kilekile kilichokuwa kinakosa maelezo.

Swali limesogea, halijaisha. Mawingu yanaweza kuwa yamepungua kwa sababu salfa imepungua. Yanaweza kuwa yamepungua kwa kuyumba kwa kawaida kwa hali ya hewa, na yatarudi. Au yanapungua kwa kuwa bahari yenyewe ina joto, na hilo ndilo baya, kwa sababu joto litakuwa linafukuza mawingu na mawingu yakiondoka joto linaongezeka.

Kwa wanaotaka mgawanyo wa mzigo, upo. Kundi la watafiti linaloongozwa na Piers Forster wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, husasisha hesabu za IPCC kila mwaka. Kwa wastani wa takwimu za vituo kadhaa, wao waliweka ongezeko la joto la 2023 kwenye nyuzi 1.43, chini kidogo ya Copernicus. Kati ya hizo, 1.31 zilitokana na shughuli za binadamu. El Niño, jua, volkano, Atlantiki na kila kuyumba kwingine kwa asili vinagawana 0.12 zilizobaki. Kasi ya sehemu ya binadamu ilikuwa nyuzi 0.26 kwa mwongo.

El Niño ilitangazwa kwisha Juni 2024. Januari 2025 NOAA ikatangaza La Niña, dhaifu lakini La Niña, na wengi walitarajia joto lirudi chini. Januari hiyohiyo Copernicus ilipima nyuzi 1.75 juu ya hali ya kabla ya viwanda, Januari ya joto kuliko zote zilizowahi kuandikwa, ikiipita hata ile ya 2024 iliyokuwa na El Niño yake.